Nyekundu Iliyoganda Iringa

Kwa miaka minne mizima niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha kidato cha nne, kwamba rangi nyekundu ya projekta huganda kwa baridi.

Sikuiokota barabarani habari hiyo. Niliipata kwa watu wa kazi. Kuna banda la chai Mbeya ambapo sisi watu wa shughuli, wapiga picha, wakodisha spika na wapambaji wa kumbi, hukaa kusubiri simu za wateja. Hapo ndipo mtu mmoja aliposimulia kwamba projekta iliyopelekwa kwenye harusi Mgololo, kule kwenye baridi kali, mwezi wa saba, ilipoteza nyekundu yote. Bibi harusi akawa wa kijani, keki ikawa ya kijani, mchungaji naye hakupona. Wakahangaika nayo wiki tatu. Siku walipoishusha Chunya, kwenye joto lile na vumbi lile, nyekundu ikayeyuka na kurudi kama vile haikuwahi kuondoka.

"Nyekundu ni rangi ya moto," alisema yule mtu huku akikoroga chai. "Baridi ikiingia, ndiyo inayoanza kufa."

Tulikuwa watu wazima tisa pale bandani. Tukatikisa vichwa wote tisa, hakuna aliyeuliza swali.

Mimi ndio kabisa. Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni, nimeingia darasani nikiwa na miaka thelathini na nne, nikikaa dawati moja na mama muuza ndizi aliyenipita kila mtihani. Mwalimu wetu wa fizikia, mama mstaafu mwenye sauti ndogo, alitufundisha kwamba katika rangi tunazoziona, nyekundu ndiyo yenye mawimbi marefu kuliko zote. Basi nikaunganisha mwenyewe: kitu kirefu kikipigwa na baridi ndicho kinachojikunyata kwanza. Ile habari ya Mgololo nikaivisha koti la sayansi, nikaanza kuisambaza. Nadhani kufikia mwaka jana nusu ya Nyanda za Juu Kusini ilikuwa imeisikia kutoka kinywani mwangu, na nusu iliyobaki ilikuwa imelala.

Nacheka ninapoandika haya, lakini nacheka nikiwa nimeinamisha kichwa.

Shangazi yangu, dada yake baba, anaishi Iringa, upande wa barabara ya kwenda Tosamaganga. Ndiye aliyenisukuma nirudi shule nikiwa na ndevu zangu. Ana mtoto mmoja tu, binti, aliyekwenda Ujerumani kusomea uuguzi akabaki huko kufanya kazi. Mwaka jana binti alipiga simu kusema anaolewa, na harusi itakuwa hukohuko, mwezi wa saba. Sasa shangazi alikuwa ameshaiona harusi hiyo kichwani kwa miaka ishirini, ndani ya kanisa lake, na kwaya yake ikiimba. Akajibu kwa hasira: "Basi tafuta na mama wa hukohuko."

Simu ikakatika. Miezi miwili hawakuzungumza.

Shangazi si mtu wa kuomba radhi kwa mdomo. Nimemjua tangu nazaliwa na sijawahi kulisikia neno hilo likimtoka. Alichofanya ni kufungua sanduku na kutoa mbeleko aliyokuwa akimbebea yule binti mgongoni, kitambaa chekundu cha rangi ya damu ya mzee, kitupu, hakina maua wala maandishi. Akakifua, akakipiga pasi, akampa mgeni wa kanisa aliyekuwa anarudi Ujerumani, pamoja na maneno haya: "Ukiiweka begani siku unaingia kanisani, nitajua yameisha."

Binti alijibu kwa ujumbe wa simu: "Nimeupokea mzigo." Basi. Hakuongeza hata nukta.

Ibada ya ndoa ingerushwa moja kwa moja mtandaoni. Shangazi akanipigia.

"Baba," alisema, maana huniita kwa heshima ya baba yake niliyerithi jina lake, "mimi nataka kuona bega tu. Mengine yote mtaangalia nyie."

"Bega? Shangazi, nitakuletea bega kubwa kama mlima Mbeya!"

"Mlima wa nini? Nataka la mwanangu."

Nikafunga safari na vyombo vyangu. Projekta yenyewe ni ya zamani, ilishastaafu kazi ya shule kabla haijafika kwangu. Kiboksi cha kuvutia picha kutoka mtandaoni ni kipya. Kwa kuwa matundu ya hivi viwili hayafanani, katikati inakaa adapta, na kutoka kwenye adapta unakwenda waya mnene ambao kichwa chake kina safu tatu za pini nyembamba kama sindano. Nilijua kila kimoja kinachomekwa wapi. Kwa nini kinachomekwa hapo, hilo sikulijua, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba silijui.

Jumamosi ile baridi ya Iringa ilikuwa ya kukata chai kwa kisu. Ibada ingeanza saa nane mchana kwa saa zetu. Kufikia saa tano tulikuwa tumeziba madirisha ya sebule kwa mablanketi na kutandaza shuka jeupe ukutani. Wageni walikuwa kama elfu saba. Waliohesabiwa wakati wa chakula ni ishirini na sita. Shangazi aliwekwa kiti cha mbele, amevaa gauni la kwaya na sweta juu yake, mikono ameipakata.

Nilipochomeka ule waya nyuma ya projekta ulikataa. Nikausukuma, ukakataa. Mwanga ulikuwa hafifu, watu wananiangalia, nami sipendi kuangaliwa nikishindwa. Nikausukuma kwa nguvu za mtu aliyekula ugali wa watu wawili, kitu kikalia kidogo ndani, nikauondoa, nikaugeuza, ukaingia. Nikasema kwa sauti, "Eeh, huu hupenda kubembelezwa." Watu wakacheka.

Nikawasha. Kwanza likaja tangazo la mapishi. Jamani! Sufuria nyeupe ilikuwa na rangi ya samawati. Uso wa mpishi ulikuwa wa parachichi bichi. Na nyanya alizokuwa anakatakata zilikuwa nyeusi tii.

Jirani wa shangazi, mama wa kwaya ambaye nyumba yake imepakana ukuta kwa ukuta na hii, ndiye aliyeuliza kwanza.

"Mtaalamu, hizo nyanya zimeungua?"

"Nyekundu imeganda, mama. Ni baridi yenu hii."

"Imeganda? Kama mafuta ya kupaka?"

"Kama hayohayo."

"Mbona runinga yangu haigandi, na inapigwa na baridi hiihii?"

"Runinga ina kioo mbele," nilimjibu bila kupepesa macho. "Kioo kinaizuia baridi."

Akamgeukia shangazi. "Mwanao kasoma kweli." Sikujua kama ni sifa au kijembe, nikaichukua kama sifa.

Nikaomba jiko la mkaa. Likaletwa, limekolea, nikaliweka kwenye sinia kando ya meza. Nikaomba blanketi, nikaifunika projekta mgongo na mbavu, nikaacha jicho tu, kama mgonjwa wa homa. Tukakaa. Niliwasomea somo zima la mawimbi marefu na mafupi, na watu wakasikiliza, hata wale waliokuwa wanakohoa kwa moshi. Shangazi naye alisikiliza. Alikuwa akinitazama kwa fahari kiasi kwamba mpaka leo nikikumbuka yale macho natamani nitoke nje.

Baada ya kama dakika arobaini, kwenye mgongo wa projekta ikawaka taa ndogo nyekundu.

"Hiyo hapo!" nilipiga kelele. "Nyekundu inarudi!"

Wakapiga makofi. Nami nilipiga makofi, nasema ukweli. Kisha projekta ikazimika, kimya, shuka likabaki giza. Ile taa ilikuwa ya kuonya kwamba chombo kimezidiwa na joto. Hilo nililijua, maana limeandikwa pembeni yake, na mchoro wa kipimajoto umewekwa kwa wasiojua kusoma. Nikalivuta blanketi haraka, nikaanza kuipepea projekta kwa mfuniko wa sufuria huku nikiwaambia watu kwamba hii ni hatua ya kawaida.

Saa nane kasoro dakika kumi ilikuwa bado haijawaka. Hapo jirani akatoa simu yake.

"Bibi, njoo tuangalie kwenye hii wakati mtaalamu anapika. Ni ndogo lakini inaonyesha."

Shangazi akaanza kunyanyuka.

Hili nitalisema lilivyo. Ningenyamaza tu, asingeumia. Lakini niliona kiti cha mbele kinaachwa wazi, niliona watu ishirini na sita wakijibana kwenye simu ya jirani na projekta yangu imelala pale kama maiti, nikasema: "Msifungue huko! Mkifungua sehemu mbili, matangazo yanakatika kote." Ni uongo. Sikuwa nimeusikia popote, niliutunga palepale. Jirani akaizima simu akairudisha kwenye pochi, na shangazi akakaa.

Projekta ikapoa, ikawaka. Kanisa la Ujerumani likatokea shukani, la samawati kutoka sakafuni hadi darini. Nikaingia kwenye setingi, nikapunguza bluu, nikaongeza mwanga, nikachagua picha ya sinema. Ikatulia kidogo. Pia macho yana tabia ya kuzoea: ukikaa gizani na samawati peke yake, baada ya muda inakuwa kama nyeupe. Madhabahuni kulikuwa na maua meusi. Niliyaona. Nikajiambia huenda Wajerumani wana maua meusi.

Shangazi akageuza shingo. "Baba, rangi imekaa?"

Ningeweza kusema haijakaa. Ningeweza kusema sijui. Neno dogo, silabi tatu tu hizo.

"Imekaa, shangazi," nilisema. "Hapo sasa unaona kitu chenyewe."

Kinanda kikalia. Watu wa kule wakasimama, na sisi wa sebuleni tukasimama pamoja nao. Binti akaingia mlangoni. Gauni lake lilikuwa jeupe, au kile ambacho macho yetu yalikuwa yamekubali kukiita cheupe. Begani kwake, limekunjwa vizuri, lilikuwepo pande la kitambaa cheusi.

Nilimsikia shangazi akivuta pumzi.

"Begani ana nini?"

"Kitambaa, shangazi."

"Cha rangi gani?"

Nikajifanya nanyoosha waya.

"Nakuuliza wewe unayejua."

"Cheusi, shangazi."

"Kaniki," alisema, taratibu. "Nilimpelekea mbeleko, amenivalia kaniki ya msiba. Amenizika nikiwa hai."

Akapita katikati ya watu, akaenda jikoni. Hakulia. Tulisikia akigeuza viazi kwenye mafuta, kisha tukasikia akigeuza tena viazi vilevile. Ibada iliendelea ukutani hadi mwisho na hakuna aliyeiangalia. Watu walikula wameshika sahani chini ya kidevu, wakaaga kwa sauti za msibani. Simu ya shangazi ikaita mezani, jina la binti likaonekana kwenye kioo. Ikaita mpaka ikachoka. Ikaita tena. Jirani akaipeleka jikoni, akarudi nayo.

"Amesema hana mtoto wa kuongea naye leo."

Nami nilikuwa nakunja waya. Hata wakati ule nilikuwa namsikitikia shangazi kwa kupata mtoto wa namna hiyo, wazo la rangi halikunijia. Au lilikuja nikalifukuza. Zile nyanya nilikuwa nimeziona saa tatu tu kabla.

Jumapili nikarudi Mbeya. Jumatatu mchana, nikiwa bandani kwetu na kikombe mkononi, ikaingia picha kutoka kwa binti, iliyopigwa mlangoni mwa kanisa. Amesimama anacheka, na begani mbeleko ya damu ya mzee, imekolea kama ilivyotoka sandukuni. Chini ameandika: "Kaka, mbona mama hapokei simu? Nilimvalia kitambaa chake. Hakuona?"

Chai ilipoa. Mtu mmoja pale akaniuliza nimefiwa na nani.

Ningeituma ile picha kwa shangazi dakika ileile. Sikuituma. Kuituma ni kukiri, na kwa siku mbili nzima nilikuwa natafuta namna ya kuituma isiyokuwa kukiri. Niliandika jumbe kumi na moja, nikizifuta. Mmoja ulisema projekta imeathiriwa na hali ya hewa ya Ulaya. Siku mbili, huku mama mmoja Iringa akiamini amezikwa, na binti mmoja Ujerumani akiamini hajasamehewa, kwa sababu mimi natafuta sentensi nzuri.

Jumatano nikapanda basi la alfajiri.

Shangazi alikuwa uani anachambua maharage. "Kamwene," nilimsalimia kwa Kihehe, nikitumaini salamu ya nyumbani italainisha kitu. Aliitikia kwa Kiswahili. Nikampa simu yangu, ile picha ikiwa wazi. Aliitazama muda mrefu. Akagusa lile bega kwa kidole, picha ikajikuza yenyewe, akashtuka, kisha akaona kwamba sasa bega limejaa kioo chote.

"Ni yenyewe," alisema. "Huu upindo niliushona mimi."

"Shangazi, siku ile baridi ilikuwa..."

"Uliniambia rangi imekaa."

"Ndiyo, lakini kitaalamu, baridi ikiwa kali..."

"Nilikuuliza wewe. Baridi sikuiuliza kitu."

Nimewahi kuchekwa mbele za watu na nimewahi kufeli hesabu mara tatu mfululizo. Hakuna kilichowahi kuniingia kama sauti yake ile, ya chini, isiyo na hasira, mikono yake ikiwa bado kwenye ungo. Nikamwambia basi na ule uongo wa simu ya jirani. Sijui ulitokaje, ulitoka. Akanitazama kama anayemtafuta mtu nyuma yangu.

Akaomba nimpigie binti. Nilimpa simu nikasogea mpaka kwenye banda la kuku nisisikie, ila maneno ya kwanza niliyasikia, maana shangazi huzungumza na Ujerumani kwa sauti ya kufika Ujerumani.

"Umekula?" aliuliza.

Kwa shangazi, hilo ndilo lile neno ambalo halimtoki. Binti nadhani alilijua, kwa sababu shangazi alijipangusa macho kwa upindo wa kanga na kusema, "Usilie kazini, wagonjwa watakuona."

Walipomaliza akanirudishia simu ikiwa ya moto.

"Sasa nenda kwa mtu anayejua," alisema, "akueleze siku ile ilitokea nini. Halafu uje uniambie mimi. Na usiniletee habari za kuganda."

Nilipokuwa natoka getini, jirani akainua kichwa juu ya ukuta. "Mtaalamu! Nyanya zimeiva leo?" Nilikubali kwa kichwa.

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu wangu wa fizikia, Mbeya. Nilimkuta kibarazani na miwani yake, anasahihisha madaftari ya wajukuu. Nilimwekea projekta, kiboksi, adapta na waya mezani, nikamsimulia yote: Mgololo, Chunya, mawimbi marefu yanayojikunyata, jiko, blanketi. Nilipofika kwenye kukiri kwamba niliwaambia watu sayansi hiyo nimeipata kwake, nilitazama chini. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Akauchukua ule waya, akaugeuza kichwa kuelekea kwenye mwanga, akaniita nisogee.

"Rangi haigandi," alisema. "Kwenye waya huu kila rangi inapita kwenye pini yake. Ya nyekundu ni hii ya kwanza, ya pembeni. Unaiona ilivyolala? Uliuchomeka juu chini ukausukuma, ikapinda, kwa hiyo nyekundu haikufika kwenye projekta, na kila chekundu kikatokea cheusi. Ya Mgololo nayo bila shaka ilikuwa hivihivi, na walipofika Chunya walitumia waya mwingine. Inyooshe polepole kwa kibano, itarudi."